Mashine Haimgeuzi Bibi

Kila nikitoka shule nilipitia wodini kumwona bibi. Alikuwa amevunjika nyonga, na kulala muda mrefu kulimletea kidonda kirefu juu ya makalio. Mpira mwembamba ulitoka kwenye bandeji hadi kwenye mashine iliyofyonza majimaji ya kidonda. Shangazi, aliyekuwa akishinda naye, hakusifu dawa nyingine yoyote ila hiyo mashine.

Siku moja nikakuta mashine haipo. Inanguruma kitanda cha pili, kwa mama mwingine! Damu ikanichemka. Muuguzi atanitambua leo, nikasema moyoni. Muuguzi wa zamu alipogeuka tu, nikanyoosha mkono niizime.

"We!" Akanidaka. "Unamlipizia nani? Yule mama kakukosea nini?"

"Umempokonya bibi yangu!"

"Njoo uone kwanza." Akafunua shuka. Visigino vya bibi vilikuwa vimevimba, ngozi imelainika, karibu kupasuka. "Vidonda vingine hivi vinakuja. Nani anamgeuza?"

Shangazi akainamisha kichwa. "Niliogopa mpira utachomoka. Nikadhani mashine inatosha."

"Daktari ameona inamfaa zaidi yule mwenye jeraha la upasuaji," muuguzi akasema. "Kwa vidonda vya kulalia, utafiti uliopo ni mdogo. Hatujajua kwa hakika kama inaponya zaidi kuliko bandeji nzuri. Lakini mgonjwa asipogeuzwa, kidonda kinazidi. Hilo tunalijua."

Hasira yangu ikahamia kwa shangazi. Nilitaka akome.

"Lala kwenye benchi hilo, shangazi! Usijitikise, ujue bibi anavyoumia!"

Nilijua nimevuka mpaka, lakini kwa aibu aliyokuwa nayo, akalala kweli. Haukupita muda akaanza kuguna.

"Jamani, mgongo!"

"Bado!" nikamwambia, na nasema kweli, nilifurahi.

"Na mimi je?" Sauti ya bibi ilikuwa nyembamba. "Nyie mnakomeshana, mimi nimelala palepale."

Tulikurupuka wote wawili. Muuguzi akatuonyesha pa kushika, tukamgeuza na kuweka mto chini ya miguu yake. Tangu hapo tulipokezana, shangazi mchana na mimi jioni, na muuguzi akibadilisha bandeji. Visigino vikapona. Kidonda kikajifunga taratibu, hadi bibi akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Nikamwomba shangazi radhi. Bibi akatushika mikono.

"Kifaa kipya kikija, ulizeni kimethibitika vipi," akasema. "Na ukiwa na hasira kwa ajili ya mgonjwa, mjukuu wangu, mhudumie kwanza. Wa kumkomoa hatakimbia."