Hodi ya Ghorofa ya Saba

Hodi ile ingepigwa nyumbani, kinyozi asingeihangaikia. Lakini ilipigwa katika mji ambao, tangu ndege itue asubuhi ile, hakuwa amesikia neno hata moja analolijua.

Walikuwa wameruka usiku kucha, yeye na mama yake, kwa sababu mlango mmoja wa moyo wa mama ulikuwa haufungi sawasawa, na hospitali ya kuushona ilikuwa huku upande wa pili wa dunia. Kesho yake ndiyo daktari angempokea. Mama alikuwa akihema kwa kuongea tu. Kwenye teksi kinyozi alibandika uso dirishani kama mtoto. Maandishi ya ukutani yalimkaa machoni kama nyuzi zilizofumuka, hajui lipi duka na lipi onyo. Nyaya za umeme zilisongamana juu ya barabara, pikipiki zilipanda mpaka njia ya waenda kwa miguu, na watu walipishana bila kutazamana. Yeye, ambaye kwao hapiti mtu mbele ya kinyozi bila kuulizwa habari za nyumbani, aligeuka bubu. Alimsalimia dereva mara mbili kwa mazoea, akajibiwa kwa kichwa.

"Hapa hata ukilia," mama alisema kwa taabu, "nani atajua unalilia nini?"

"Utacheka tu, Mama. Wakishaushona utacheka mpaka nikutoroke."

Chumba kilikuwa ghorofa ya saba: vitanda viwili, birika la umeme, dirisha lisilofunguka. Nje jua lilikuwa kali, ndani ya mwili wake bado ulikuwa usiku. Mama alijilaza akauelekea ukuta, akajifunika mpaka kidevuni. Kinyozi alikuwa anavua viatu pale sauti ya kike, ya upole, iliposema nyuma ya mlango, "Hodi humu ndani."

Ulimi ukamtangulia. "Karibu, karibu ndani," aliitikia, furaha imemjaa, kwamba kumbe kuna mtu wa kwao hapa. Akafungua.

Ukumbi ulikuwa mtupu mwanzo hadi mwisho. Ila kitu kilimpita ubavuni kikaingia chumbani, hakionekani, kinanuka nywele zilizoungua, harufu anayoijua ya mashine inaposhika moto kichwani mwa mteja.

"Funga mlango, mwanangu," mama alisema.

Alikuwa amesimama dirishani, yeye ambaye juzi tu alishikwa mikono miwili kwenda chooni. Hahemi. Kinyozi alimkumbatia, machozi yakamtoka, akajiambia ni hewa ya huku, ni dua za watu, ni chochote kile. Hiyo harufu aliamua hajaisikia.

"Nipunguze nywele," mama alisema. "Kesho daktari asinione kichaa."

"Kwa mama yangu bei ni ile ile, hakuna cha undugu," alimtania, akatoa mashine begini, akamkalisha, akaweka kidole gumba chini ya taya ili kichwa kitulie, kama afanyavyo kwa kila mteja.

Shingo zote za binadamu hudunda chini ya kidole kile. Wateja hawajui, lakini kinyozi hujua nani ana hasira na nani ametoka kukimbia kabla hajafungua mdomo. Shingo ya mama ilikuwa kimya. Alikisogeza kidole mbele kidogo, akakirudisha nyuma, akabonyeza chini ya sikio, akabonyeza penye koo, akajiambia ni ganzi ya safari, akakipuliza kidole akajaribu tena, na ngozi ilikuwa ya baridi kama bomba la maji, na kila nywele iliyoanguka ilipandisha ile harufu ya kuungua, na mama wakati wote ametulia tuli, anamngojea amalize kumpapasa.

"Mbona umeacha?"

"Mkono umechoka, Mama."

Alijifungia bafuni, akafungulia maji, akampigia mjomba wake, kaka wa mama, mtu anayetibu waliopagawa na majini.

"Mjomba, kuna mtu alipiga hodi," alinong'ona. "Kwa lugha yetu."

"Ukamkaribisha? Hata hukuuliza ni nani?"

"Nani huuliza, mjomba? Mtu akipiga hodi unasema karibu."

"Dada yangu anapumua?"

Kinyozi akafungulia maji zaidi, na mjomba akaelewa. Sauti ikamkatika. "Basi mama yako alitutoka pale kitandani, na huyo amekuta nyumba tupu. Wewe ndiye mwenyeji wake. Mwambie kwaheri, umsindikize mpaka nje ya mlango. Hawezi kukataa. Lakini mama utamkuta sakafuni."

"Na nisipomwambia?"

"Usiniulize hilo, mwanangu. Nakuomba."

Alitoka bafuni na kwaheri iko kooni. Mama alikuwa amekaa kitandani, amemkunjia shati, mikono kwa ndani, vilevile alivyokuwa akimkunjia tangu utotoni.

"Umelia, baba? Njoo ukae."

Angeiacha vipi maiti ya mama yake katika mji huu, kwa watu asioweza hata kuwaambia kwamba huyu ni mama? Alijua anachokitazama. Alikaa karibu nacho hivyo hivyo, kwa sababu kilikuwa na uso ule, na zaidi ya uso ule hakuwa na mtu.

Simu ikalia mkononi. Ni dada yake, kwa video, na nyuma yake watoto wanasukumana. "Tunataka kumwona bibi. Bibi amefika? Bibi yuko wapi?"

Kinyozi alifumbua mdomo kusema lile neno moja, kwaheri. Likagoma.

"Bibi huyu hapa," alisema, akaigeuza simu.

Mama akawachekea wote kwa meno, akawapungia. Kisha akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja, akamsogelea kinyozi sikioni, na ile harufu ikamziba pumzi.

"Huyu mdogo wa mbele," alinong'ona, "anaitwa nani?"

Kinyozi akamtajia. Akaulizwa wa pili, akamtaja. Akawataja wote, machozi yakimchuruzika, kila jina likiwa kama karibu nyingine, mpaka kichanga kilicholala mgongoni kwa dada yake.