Maji Kwenye Kipima Mvua

Mshonaji alitoka kwenda uani hata uso hajanawa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kila asubuhi: kusoma kipima mvua, kile kichupa kirefu chenye mistari kilichofungwa juu ya nguzo. Akishasoma, humtumia kipimo kwa simu mtafiti wa mvua aliyewafungia chombo hicho, anayekusanya vipimo pamoja na wenzake wa nchi nyingine.

Asubuhi hiyo alisoma, akafikicha macho, akasoma tena. Kichupa kilikuwa na maji. Akatazama chini: vumbi tupu. Nguo alizozisahau kwenye kamba, kavu.

"Baba watoto, usiku mvua ilinyesha?"

"Mimi nikilala nimelala," mumewe akajibu. Akaja kuchungulia, akapiga makofi. "Mvua hiyo! Naenda kupanda leo leo."

"Na hili vumbi?"

"Chombo cha wasomi kitadanganya?"

Mshonaji hakujua aamini nini, chombo au macho yake. Mbegu walizokuwa nazo zilitosha kupanda mara moja tu. Zikifia kwenye udongo mkavu, msimu umekwenda. Akatuma kipimo, lakini moyo ukakataa kutulia.

Haukupita muda, mtafiti akafika na pikipiki yake.

"Dada, kote jirani ni sufuri. Wewe peke yako una mvua. Wingu lilisimama juu ya paa lako tu?"

"Hata mimi sielewi. Kichwa kinazunguka."

Mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua maharage. Akakohoa.

"Msimwonee mkwe wangu. Maji nilitia mimi."

"Mama!" Mshonaji akashangaa.

"Sasa nifanyeje? Watu wa nchi za mbali wanasubiri, sisi kila siku tunawapa sufuri, sufuri. Nikaona aibu. Nikawatilia kidogo kwa kikombe."

Mwanawe akaangua kicheko. Mtafiti naye alicheka, kisha akaketi karibu na mama.

"Mama, ukimficha daktari unapoumwa, atakupa dawa gani? Sufuri nayo ni jibu. Wenzetu wa nchi nyingine wanapima kwa chombo kama hiki, kila asubuhi, kama mkweo. Mawingu hayajui mpaka, kwa hiyo tunaweka vipimo vyote pamoja. Hapo ndipo tunaona mvua inavyobadilika, tukawaambia wakulima wapande au wasubiri."

"Kumbe kikombe changu kingewavuruga mpaka ng'ambo?"

"Na shamba lenu pia."

Mtafiti akamwita mume, akamwambia achimbe kidogo. Jembe lilitoa vumbi, na chini zaidi likatoa vumbi tena.

"Haya, nimekoma," mume akasema, akarudisha mbegu ndani.

Mshonaji akamwaga maji, akatuma kipimo upya: sufuri.

Wakasubiri. Mvua ya kweli ilipokuja, ililowesha ardhi hadi chini, na mtafiti akapiga simu: "Pandeni sasa." Mahindi yakaota mstari mzima, bila pengo.

Siku moja jirani alikatiza uani, karibu na nguzo ya kipima mvua, na ndoo ya maji kichwani. Mama mkwe akaruka kutoka kitini.

"Wewe! Hiyo ndoo yako ipitishe mbali na kichupa! Unataka kuvuruga dunia nzima?"