Bakuli la Kushoto

Taa ya sola ilianza kufifia na betri bado imejaa. Mwalimu Charles wa Kagongwa hakujali. Mbishi yule, na ubishi wa msomi hauna dawa. Kila jioni alitega kamera uani kupima mwanga wa nyota moja, kumbe ni mbili, zimekaribiana mno hata jicho haliwezi kuzitenganisha. Ile hafifu ikipita mbele ya mwenzake, mwanga unashuka. Kumfurahisha binti yake Kulwa, ile angavu aliipa jina lake, hafifu akaiita Doto.

Doto alikuwa pacha wa binti huyo. Walimzika masika yaliyopita.

"Baba Kulwa," mkewe Mbuke alinong'ona, "nyota yako ikififia, taa nayo inafifia, na mtoto anapoa mwili. Halafu ndani kunanuka udongo mbichi."

"Betri hiyo, imechoka."

"Betri gani inanuka kaburi?"

Kulwa alizidi kukonda. Siku aliposhindwa kusimama, ubishi ukamwisha Charles, akaenda kumleta mganga, mzee Ndaki.

"Umemwita marehemu kwa jina kila jioni," mzee alisema taratibu. "Aliyeitika si mwanao. Ni jini, limekuta jina halina mtu."

Akaweka mabakuli mawili ya uji sakafuni mbele ya mtoto, la kulia la Kulwa, la kushoto la Doto. Nyota ikififia, Mbuke akalitupe la kushoto njia panda, nyuma ya nyumba. Mwenye bakuli lililotupwa ndiye atakayeondoka. Na mtu asiseme neno.

Giza lilipoingia, Charles aliinua mkono kule uani: mwanga unashuka. Taa ikazama, harufu ya udongo ikajaa chumbani mpaka Mbuke akaziba pua kwa khanga, na gizani mle wakasikia kitu kikikwaruza sakafu kama bakuli linaloburutwa, polepole, kisha tena, upande wa pili, na hakuna aliyethubutu kuuliza maana walikwisha kukatazwa kusema, hadi Mbuke akapapasa, akalishika bakuli la kushoto, akatoka nalo mbio hadi njia panda.

Aliporudi, taa inawaka vizuri. Mtoto amekaa, anakunywa uji. Mbuke akamkumbatia, akalia kwa furaha, maana mwili ulikuwa na joto.

"Umepona, mwanangu."

Mtoto akashusha bakuli, akajifuta mdomo.

"Mama," akauliza, "mbona umemtupa Kulwa?"