Jina la Mlangoni pa Soko

Kila akitoka shule, Chiriku alitua sebuleni, ambako bibi yake, shangazi na majirani walichambua mboga na habari za watu kwa pamoja. Hilo jina la ndege walimpa wao, maana mdomo wake haukujua likizo.

Umbea ndio uliomponza. Mwalimu aliwaagiza wanafunzi watafute ni nani aliyechora ramani ya soko kongwe lenye matao saba, ili jina lake lichongwe kwenye marumaru mlangoni.

"Mchoro uko ofisini kwa bwana soko," alisema. "Nendeni mkauone."

Wiki nzima Chiriku hakwenda; soga za sebuleni zilimnogea. Siku ya kujibu akasimama, macho makavu. "Aliyechora ni marehemu babu yangu!"

Makofi yakalipuka. Mwalimu akaamini, kwani mji mzima ulijua babu huyo alifanya kazi pale soko lilipojengwa.

Jumamosi mchonga mawe akamwita karakanani. Vumbi jeupe lilikuwa limemganda hadi kwenye kope.

"Karibu, mjukuu wa msanifu! Mimi sigusi patasi mpaka mtu wa ukoo asome kwa sauti. Haya, soma."

Herufi za jina la babu kwenye marumaru zilikuwa za penseli bado. Chiriku akasoma neno la kwanza, kisha ulimi ukawa mzito kama jiwe lenyewe.

"Vipi, nimekosea herufi?"

"Hujakosea, fundi. Nimekosea mimi." Machozi yakamtoka. "Babu hakuchora. Nilidanganya."

Fundi akachovya kitambaa majini, akafuta mara moja, mara mbili. Marumaru ikabaki nyeupe pe.

"Bahati yako sijapiga nyundo, mwanangu. Tungelia wawili!"

Chiriku akashusha pumzi ndefu, mabega yakawa mepesi.

Alipomweleza bibi, wakaongozana hadi kwa bwana soko. Pembeni mwa mchoro lilikuwepo jina la msanifu, mtu wasiyemjua kabisa. Nyuma ya mchoro waliorodheshwa waashi, na wa tatu alikuwa babu: mjenzi wa matao.

Bibi akacheka hadi akashika mbavu. "Babu yako achore ramani? Hata sahihi yake ilikwenda upogo! Lakini matao yake je, umeona lililopinda?"

Jumatatu Chiriku alikiri mbele ya darasa. Aliona haya, lakini hakuficha kitu. Mwezi uliofuata marumaru ikabandikwa mlangoni: jina la msanifu juu, majina ya waashi chini yake. Chiriku akaligusa la babu kwa kidole.

"Tazama, alikuwa na sifa yake mwenyewe, haikuhitaji kuongezewa," mchonga mawe akamwambia. "Na uongo, mwanangu, ufute ungali wa penseli. Ukishachongwa, hautoki ila kwa kuvunja jiwe."