Ngozi ya Macho

Jua lilikuwa linazama, na Mshonaji alikuwa ameshafika kona ya nyumbani na uzi wake na zipu zake sita, alipokumbuka chupa ya kunyunyizia maji. Siku ya pili hiyo anaisahau. Akageuka, akarudi dukani karibu akikimbia.

"Chupa ya nini, dada?" mwenye duka akamtania. "Umefungua saluni?"

"Ya mpangaji wangu. Hapendi ukavu."

Mpangaji mwenyewe alikuwa chatu. Mdogo, mpole, hana sumu, ila chatu ni chatu. Kaka yake Mshonaji, fundi wa friji, ndiye aliyemleta ndani ya sanduku la kioo wiki tatu nyuma, baada ya mkewe kujifungua na kutangaza kwamba nyoka na kichanga hawatalala nyumba moja. Mzazi mchanga akisema hivyo, nani wa kubishana naye? Basi nyoka akahamia kwa dada mtu, kwenye chumba cha kushonea, ukuta mmoja na chumba cha mama yao.

"Dada, kipimo hiki cha unyevu kisishuke chini ya sitini," Fundi alimwambia siku hiyo. "Ukiona macho yamekuwa meupe, ujue anataka kujivua. Pandisha mpaka sabini. Nyunyiza asubuhi na jioni, muwekee na kiboksi chenye kitambaa kibichi ajifiche humo. Halafu muache."

"Ngozi isipotoka je?"

"Muogeshe kwa maji ya vuguvugu, usubiri. Usimvute. Na ile ya kwenye macho usiiguse kabisa. Dada, umenisikia? Kabisa."

Alisikia. Lakini sare arobaini za shule zilikuwa zinamsubiri. Macho ya nyoka yalipogeuka meupe, ndiyo kwanza chupa ya zamani ilivunjika mpini, na pasi ilikuwa ya moto kutwa, na dirisha lilikuwa wazi ili chumba kipoe. Asubuhi ile kipimo kilisoma thelathini na nane. Ngozi ilikuwa imeanza kuchanika vipande vipande, badala ya kutoka yote kwa mara moja. Kosa lilikuwa lake, na alilijua.

Alipofungua mlango wa nyumba, harufu ilimpokea. Harufu ya udongo uliolowa… na kitu kingine chini yake, kitu cha zamani.

Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi nusu. Ndani, gizani, kulikuwa na sauti ndogo.

Krrr… krrr…

Sauti aliifahamu. Ni ya mshono unaofumuliwa taratibu.

"Mama?"

"Shhh. Amekwama."

Mama yake alikuwa ameketi sakafuni, kifuniko cha kioo kando, nyoka mapajani. Mtaa mzima ulimwita Mkunga, maana nusu ya mtaa huo ilipitia mikononi mwake. Miaka mitatu sasa alikuwa haoni. Jicho moja lilipasuliwa likaharibika, la pili akasema kisu hakitaligusa. "Nimezalisha watoto wote hawa," alizoea kusema akicheka, "huyu mtoto wa jicho ndiye aliyenishinda." Lakini siku aliyowekewa mjukuu mikononi hakucheka. Alimpapasa paji la uso, pua, kidevu, akamrudisha kwa mama yake, na hakusema neno mpaka siku ya pili. Tangu hapo swali lake lilikuwa moja. Amefanana na nani?

"Mama, Fundi alisema tusiguse…"

"Fundi anajua friji." Vidole vyake vilikuwa juu ya kichwa cha nyoka, kucha mbili zikitafuta ukingo. "Mimi sijawahi kumuacha kiumbe amekwama njiani."

"Mama, acha!"

Tk.

Nyoka alijikunja mara moja, akatulia.

Tk.

Mshonaji alipapasa ukuta akawasha taa. Macho ya nyoka yalikuwa meupe vile vile. Ngozi ilikuwa imebanduka yote, na bado macho yalikuwa meupe. Sakafuni palikuwa na vipande vikavu vya ngozi ya mwili, vya shingo, vya mkia. Vile viduara viwili vidogo, vyembamba, mfano wa vioo vya saa… havikuwepo.

"Ziko wapi, mama? Zile za macho?"

Mama yake aliinua uso polepole. Macho yake yalikuwa meusi, safi, yanameremeta.

"Mwanangu," alisema, "mbona umekonda hivyo?"

Mshonaji alianguka mapajani pake akalia kwa furaha, akasahau kuuliza chochote. Miaka mitatu alikuwa akimlisha, akimuogesha, akimpitisha kwenye mlango, na hakuna aliyemwona amechoka. Sasa alionwa. Mama alimshika nywele, akazitenganisha kwa kidole. "Mvi. Tatu. Na hukuniambia."

Majirani walikuja kushangilia. Mkunga aliwatambua wote, akamtania mmoja kwa tumbo lake. Akatunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza bila kukosea. Ungemwona, ungesema ni muujiza, basi.

Ila hakula.

Siku ya kwanza alisema ameshiba furaha. Siku ya pili alisogeza sahani pembeni. "Nitakula wakija na mtoto," alisema. Alihamishia kiti chake kwenye chumba cha kushonea, akaomba dirisha lifungwe, akaomba maji yanyunyizwe. Kipimo kilifika themanini. Sare zilianza kunuka uvundo.

Na nyoka, kipofu sasa, alijibana kwenye kona ya sanduku iliyo mbali kabisa na kile kiti. Mama akikohoa, yeye hujikunja. Mama akiinuka, kichwa huzama chini ya mikunjo ya mwili.

Nyoka alikuwa anamwogopa mama.

Siku ya tatu mchana, Mshonaji aliketi mbele ya mama na sketi ya kupinda. Alipinda upindo wote, kuanzia ubavu hadi ubavu, akitupa jicho kila baada ya mishono miwili. Mama alikuwa anamtazama, anatabasamu.

Hakupepesa hata mara moja.

Alijua, basi, macho yale yalikuwa ya nani. Na akanyamaza, kwa sababu jioni ile mama alimwambia rangi ya bluu inampendeza. Wewe ungesema nini?

Siku ya nne Fundi alipiga simu, sauti imejaa kicheko. "Dada! Kesho asubuhi tunakuja na mtoto. Mama amwone mjukuu wake!"

Mshonaji alitoka uani, akaziba mdomo kwa kiganja. "Yule nyoka ulimtoa wapi?"

"Si nilikwambia? Kwa bibi mmoja, mteja wangu. Kwa nini?"

"Huyo bibi alikuwa anaona?"

"Nilipoenda mara ya kwanza alikuwa anaona kuliko mimi. Niliporudi na kompresa ya friji lake alikuwa kipofu, macho meupe. Nikampa pole. Akaniambia, 'Mchukue huyu, nimemrudishia vyake.' Nilidhani ni utu uzima unasema."

"Alikuwa anaishi peke yake?"

"Kulikuwa na mtoto, mjukuu wake… mara ya kwanza alinishikia tochi." Sauti ya Fundi ilipungua. "Mara ya pili sikumkuta. Sikuuliza, dada."

Upepo mdogo ulipita uani. Mshonaji alitazama dirisha la chumba cha kushonea, lililofungwa.

"Msije," alisema.

"Dada, mama ana hamu…"

"Nimesema msije!" Akakata simu.

Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakusikia nyayo. Hakusikia mlango. Machozi yalikuwa yanatiririka mashavuni mwa mama, mengi, yanadondokea kifuani, na macho yenyewe yalikuwa wazi, hayatikisiki.

"Nitamrudishia nyoka vitu vyake," mama alisema taratibu. "Naapa nitamrudishia. Nimwone mtoto kwanza, mwanangu. Nimshike kidogo."

Sauti ilikuwa ya mama, ile ile iliyombembeleza utotoni. Mshonaji alitaka kwenda kumkumbatia. Akarudi nyuma hatua moja.

Mkononi mwake simu ilianza kulia tena, na mama akanyoosha kiganja aipokee yeye.