Turubai Juu ya Vibao

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika, kila mtu anajiona wa kwanza. Binti wa gauni la bluu alikuwa akibishana na muuzaji: hataki skrubu zinazoshika kutu. Nyuma yake fundi wa paa, suruali imerukiwa na lami, akamwambia: bibiye, hata ndoa hushika kutu. Binti akacheka kabla hajajizuia.

Kumbe paa aliloajiriwa kulitunza lilikuwa la maabara anakofanya kazi binti mwenyewe. Huko juu alikuwa na vibao vya nyuzi na gundi ngumu, aina ile ile inayoundiwa mabawa ya ndege, vimelazwa juani na mvuani miaka na miaka. Kazi yake ni kuviacha viteseke, kisha avivunje mashineni ajue nguvu iliyobaki. Fundi alimtania kwamba ana roho ngumu. Wakawa wanakula mchana pamoja paani, na usiku wanapigiana simu mpaka salio linakata.

Kisha mama yake binti akaugua, binti akaenda kumuuguza karibu mwaka. Aliporudi akakuta turubai juu ya vibao. Akampigia fundi simu.

"Nani kafunika vibao vyangu?"

"Mimi, kipenzi. Tangu ulipoondoka. Mvua ya mawe ilitisha, nikasema jasho lako lisipotee."

"Nani kakwambia vinataka huruma?"

Akakata.

Mkurugenzi wa maabara hakuona tatizo. Wanunuzi wa gundi hiyo wanangoja; vivunjwe, iandikwe kwamba vimekaa juani miaka yote. Ndio wakubwa tunaowajua hao. Ghorofa likianguka huuliza nani alijenga, hawaulizi nani alinyamazishwa. Binti akakataa. Basi, kwa sauti ya asali, mkurugenzi akauliza nani alifunika. Binti akasema hajui.

Tangu siku hiyo hakupokea simu za fundi, asije mtu akawaunganisha. Fundi akapiga mpaka akachoka, mwisho akamvizia getini.

"Kumbe lami yangu ilikukera. Ungesema tu."

"Mjinga wewe. Nikikutaja, unafukuzwa. Nisipokutaja, sina shahidi, na gundi iliyolala kivulini itabeba watu angani."

Fundi aliondoka bila hata kuaga, na binti akahesabu kwamba ameachwa.

Kesho yake, wanunuzi wameshakaa mezani, fundi akaingia bila hodi, shati limepigwa pasi.

"Turubai ni langu," akasema. "Vibao hivyo havijaona jua karibu mwaka. Huyu bibi kakataa kunitaja, nimejitaja mwenyewe."

Wanunuzi wakafunga mikoba yao. Mkurugenzi alimfukuza fundi papo hapo, na binti akaambiwa aanze upya, vibao vipya, kwa mshahara uliopunguzwa. Mkweli hulipishwa nauli ya mwongo; hilo tumeliona tangu zamani, na hatujasahau.

Binti alimkimbilia mpaka barabarani, viatu mkononi.

"Umeniharibia miaka yangu."

"Najua."

"Sijakusamehe."

"Hilo nalo najua."

"Basi njoo kwetu unipose hivyo hivyo, nikiwa nimenuna."

Fundi akatazama chini. "Sina kazi. Na ukinikataa mbele ya wazee?"

"Umeshapigwa jua na mvua; utabeba," binti akasema, akavaa viatu, akamshika mkono kwa nguvu ya mtu aliyekasirika.