Kiuno cha Suruali ya Fundi

Asubuhi ile Mama Uzi alikuwa anafumua tena suruali ya mumewe, na vidole vyake vilicheza kwa furaha. Mumewe, Fundi, alikuwa mwembamba tangu ujana, hata majirani wakamwita Sindano. Sasa suruali ilimbana kiunoni, na viatu havikumwingia.

"Waje waone," alisema Mama Uzi. "Sindano imekuwa mtwangio."

"Mtwangio usio na pumzi," alijibu Fundi.

Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani akihema kama aliyefukuzwa na mbwa, ingawa alikuwa amekwenda tu kuchukua kitambaa chumba cha pili. Usiku alilala ameegemea rundo la mito. Miguu ilivimba, naye akasema ni kwa sababu ya kukanyaga cherehani.

Mara wifi akaingia kujaribu gauni lake. Huyu ni dada yake Fundi, muuguzi wa kliniki ya moyo, mtu wa vitendawili na utani.

"Wifi, tazama," alisema Mama Uzi, akiinua suruali juu. "Mlisema simlishi kaka yenu. Nimefumua mpaka kitambaa cha akiba kimekwisha."

Wifi alicheka. Kisha akamsikia kaka yake anavyohema, kicheko kikakatika. Akapiga goti, akambonyeza mguu juu ya kifundo. Alipoondoa kidole, shimo likabaki palepale.

"Huku si kunenepa," alisema. "Haya ni maji. Kaka, vaa kandambili twende kliniki."

"Na gauni lako?"

"Gauni linaweza kungoja. Moyo hauwezi."

Mama Uzi aliiangusha suruali. Kumbe kitu alichokuwa anakishangilia ndicho kilichokuwa kinammaliza mumewe.

Huko kliniki, daktari alimpima Fundi, akasema moyo wake umechoka. Haujasimama, ila hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Akampa vidonge vya kutoa maji, na vingine vya kuusaidia moyo.

Maji yakatoka kweli. "Mimi sasa ni bomba," Fundi alitania kila aliporudi chooni. Viatu vikaingia, usingizi ukaja. Basi siku moja mchana akavisukuma vidonge kando.

"Maji yamekwisha. Hivi vingine ni vya nini? Nimepona."

Mama Uzi alikaribia kukubali, maana hata yeye alimwona mzima. Bahati njema, wifi alikuwa mlangoni.

"Kitendawili," alisema wifi.

"Tega."

"Mkasi wangu hauna chuma, hauna wa kuushika, na unakata mafuta."

"Kisu cha bucha," alisema Fundi.

"Kisu kina wa kukishika. Nipe mji."

"Chukua mji wowote, utuambie."

Wifi akavuta kiti. "Moyo umejengwa kwa chembe ndogo mno. Kila chembe ina ukuta wa mafuta, na ukutani kuna vimeng'enya, protini zinazochochea kazi za mwili. Hivyo ndivyo mikasi yangu. Mwili ukituma amri, 'moyo, kaza,' mkasi unakata kipande cha mafuta. Kipande hicho kinapeleka habari ndani, na moyo unakaza. Ukipanda ngazi, ni jambo jema. Lakini moyo ukichoka, mwili unaogopa, unatuma amri bila kukoma. Mikasi inakata usiku na mchana. Moyo unakazwa mpaka unatanuka na kuzidi kuchoka."

"Ngoja," alisema Mama Uzi, macho yakimng'aa. "Ni kama mteja anayesimama mlangoni akipiga kelele, 'kata, kata.' Fundi anakata mpaka anaharibu nguo."

"Umepata, wifi. Vidonge hivi vinamnyamazisha yule mteja. Kaka akiviacha, mteja anarudi na kelele zake. Asiache bila daktari kusema."

"Basi nisimpe mafuta kabisa?"

"Mafuta ya ukuta ule mwili unajitengenezea. Wewe punguza chumvi, maana inashika maji. Na kila asubuhi apimwe uzito. Ukipanda ghafla, au pumzi ikibana, njooni haraka."

Fundi alivivuta vidonge, akavimeza.

Tangu siku hiyo, mizani ikakaa karibu na cherehani. Kila asubuhi kabla ya chai Fundi alipanda juu yake. Mama Uzi akaongeza lake: alimzungushia futi ya kupimia nguo kwenye kifundo cha mguu, aone kama kimevimba. "Mteja wangu wa kwanza," alimwambia, "na hajawahi kulipa."

Miezi ikapita. Suruali ikaanza kumteremka Fundi, na Mama Uzi akaipunguza kiuno huku akiimba. Hata siku ya kufumua hakuimba hivyo.

Gauni la wifi nalo likakamilika. Wifi alikaa ghorofa ya juu. Fundi alilibeba mwenyewe, akapanda ngazi taratibu, bila kusimama. Wifi alipofungua mlango akamkuta kaka yake anatabasamu, pumzi zake zimetulia.

"Mke wako yuko wapi?"

Kutoka chini, sauti ikapanda ikikatikakatika kwa kuhema.

"Sindano, nisubiri."